Upande wa Pili wa Kanda

Mtama wa mama mdogo Philomena ulikuwa umekaa kichanjani siku ya tisa bila kupurwa, na mchwa walikwisha kupanda miguu miwili ya kichanja. Mimi ndiye niliyewakwangua kila asubuhi. Nikimaliza naingia ndani, natoka, natazama barabara ya Kahama, naingia tena. Sikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa siwezi kukaa.

Kosa lilikuwa langu, na aliyeadhibiwa alikuwa yeye.

Mwaka uliotangulia, 1983, gari la redio ya taifa lilifika kijijini kwetu, karibu na Ushirombo. Halikuleta watangazaji. Walikuwa watu wa idara ya kanda, wale wanaorekodi nyimbo na kuzitia kwenye kaseti za kuuza madukani. Fundi wao, Donatus, alitukuta uwanja wa kupuria, wanawake ishirini na fimbo zetu, akasema tuendelee kama kawaida.

Kawaida yetu ni kutaniana. Anayeongoza wimbo anamtaja mtu kwa jina, anamchambua mpaka watu wanashika mbavu, halafu aliyetajwa anasimama katikati naye anajibu. Jioni uwanja unafagiwa, na yaliyosemwa yanatoka pamoja na makapi. Kuyabeba kwenda nayo nje ni mwiko.

Siku ile niliongoza mimi. Huwa nachuchumaa nyuma ya wenzangu, ungo mbele ya uso, kwa sababu nikitazamwa sauti inakauka. Nilimwimba jirani yetu Januari, aliyekaa Geita miaka miwili akichimba dhahabu:

Januari, dhahabu umeiweka wapi?
Kofia imerudi, kichwa umekiacha shimoni.

Januari hakuwepo, alikuwa mnadani. Tukasema atajibu kesho. Donatus alipozima mashine akauliza, "Kiongozi nani? Nataka jina la kuandika kwenye kanda."

Wote walinigeukia. Nami nikamnyooshea kidole mama mdogo, aliyekuwa amesimama mbele na khanga mpya. "Yule. Philomena."

Mama mdogo alicheka tu, maana aibu yangu anaijua. Donatus akaandika. Gari halikungoja kesho.

Kanda ilifika Kahama baada ya miezi kumi, na watu wakaipenda. Ilipigwa hotelini, ilipigwa stendi ya mabasi. Hata kijijini watu walianika betri juani zipate nguvu za kuimaliza. Kila nilipoisikia sauti yangu ikitoka dirishani kwa mtu, nilibadilisha njia.

Januari aliisikia ukweni.

"Nimeketi mkekani, nimenawa mikono," alimwambia Scolastika, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupura, siku aliyokuja kushtaki. "Shemeji anawasha redio kaseti. Nasikia naulizwa dhahabu nimeiweka wapi! Baba mkwe ananitazama. Ugali haukumezeka. Sasa wanasema wanafikiri kwanza juu ya binti yao. Philomena amenitoa uwanjani akanipeleka Kahama bila nguo."

Kwetu, aliyetoa maneno nje ya uwanja hapuriwi mtama wake mpaka aliyeumizwa aridhike. Jina kwenye kanda lilikuwa la Philomena. Wanawake wote walijua ukweli, lakini mama mdogo aliwakataza wasiseme. "Nimeandikwa mimi, niacheni mimi. Coletha mkimsimamisha mbele ya watu atakimbilia porini."

Nyumbani aliniambia, "Usihangaike, mwanangu. Nina mgongo mpana." Lakini jioni moja nilimkuta anapura peke yake, kiganja kimefungwa kitambaa kwa ajili ya malengelenge. Aliponiona akaificha fimbo.

Siku ya kumi ikaja barua kutoka idara ya kanda. Mimi niliishia darasa la tano, ila kusoma najua, nikamsomea. Kanda imeuzika. Fundi atakuwa Shinyanga kuanzia tarehe ishirini. Philomena afike na wenzake warekodi kanda ya pili.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. "Waje wanisikie nikikoroma! Mimi sauti yangu hata kuku wanaikimbia. Andika kwamba naumwa."

Nilichukua kalamu. Nikaandika tarehe. Nikaiweka kalamu, nikatoka kuwakwangua mchwa, nikarudi. Mkono ulikataa.

Jumapili baada ya misa kikundi kilikutana uwanjani, na Januari alikuwepo na kofia yake. Nilisimama. Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Scolastika akaniinamia. "Umesemaje, mwanangu?"

"Aliyeimba ni mimi. Mama mdogo nilimsingizia."

"Coletha, kaa," mama mdogo alisema haraka.

Januari alinitazama juu hadi chini. "Huyu? Huyu binti wa Tarsisi? Akikuamkia shikamoo unabaki unajiuliza kama ni upepo. Msinifanye mtoto."

Basi ikabidi niimbe. Mwanamke mmoja alininong'oneza, "Shika ungo." Nilipoushika nikamwona Januari anaanza kutabasamu, kama mtu aliyekwisha kuushika uongo wetu. Nikauweka ungo chini. Nilimwangalia kwenye kofia, kwa sababu macho yake nisingeyaweza, nikaimba mstari wa kwanza, na wa pili.

Tabasamu la Januari likafutika. "Ndiye."

Halafu akavua kofia. "Mnadhani nimekuja kwa sababu ya utani? Nimetaniwa tangu nikiwa mtoto. Lakini kwenye ile kanda sina mdomo. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikageuza upande wa pili, nikidhani zamu yangu itakuja. Nikakuta watu wengine wanaimba habari za pamba."

Niliitoa barua kwenye fundo la khanga, nikampa. Aliisoma mara mbili.

"Kanda ya pili," alisema. "Na mimi nijibu?"

"Ujibu," nikasema. Safari hii alisikia.

"Hayo ya Shinyanga," Scolastika akadakia, "ila mchwa hawangoji tarehe ishirini."

Januari aliinama akaokota fimbo. "Pureni. Lakini huyu asipopanda basi, mtama huu nitaurudisha kichanjani mwenyewe, punje kwa punje."

Ndani ya basi mama mdogo alinikalisha dirishani, yeye akaziba njia kwa mwili wake wote. Kila basi liliposimama nilitaka kushuka. Kahama nilitaka kushuka. Januari alikaa kiti cha mbele akivumisha wimbo kwa midomo, na nilipotega sikio alinyamaza. "Ngoja zamu yako," alisema bila kugeuka.

Shinyanga, Donatus alikuwa amepanga chumba karibu na stesheni, madirisha ameyaziba kwa mablanketi. Alimpokea mama mdogo kwa mikono miwili. "Karibu, kiongozi!"

"Mimi ni mpishi wa kiongozi," mama mdogo akajibu, akanisukuma mbele.

Donatus akachukua karatasi. "Basi sema jina lako kwenye kipaza sauti, dada, liingie kwenye kanda kabisa."

"Coletha Tarsisi."

"Mshale wa mashine haujasogea. Rudia."

Nikageuka kutafuta mlango. Mama mdogo alikuwa ameuegemea. Januari alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, kofia kifuani, anahamahama miguu, jasho limemtoka kuliko mimi.

"Sema, bwana," alinong'oneza. "Jibu langu litanitoka kichwani."

Nikarudia. Mshale ukaruka, Donatus akainua kidole, nami nikamuuliza Januari dhahabu ameiweka wapi.