Kabula kwenye Keria, Ughaibuni

Jana usiku niliota niko ughaibuni, naendesha baiskeli yangu ileile ya Shinyanga, na mke wangu Kabula amekaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, kama tunavyokwenda gulioni. Ughaibuni kwenyewe ni huko anakoishi Lutonja, bwana aliyemchumbia Kabula kabla yangu akakataliwa. Jioni Kabula alikuwa ameangalia picha ya huyo bwana kwenye simu, kapanda baiskeli yenye taa mbele na nyuma, akasema, "Wenzetu wanajipenda." Nililala nikilitafuna neno hilo.

Naendesha kushoto, kama mtu mwenye adabu zake. Taa ya barabarani inashuka kwenye mlingoti wake na kunishika usukani.

"Huku tunapita kulia," inasema.

"Shikamoo," naiambia.

"Marahaba. Kengele iko wapi?"

Naieleza kwamba kwetu napiga mluzi, au nasema "pisha!" na watu wanapisha. Taa inasema pasipo kengele, mwenye baiskeli ndiye kengele. Inanisokota sikio. Nalia kriing.

Kabula anacheka. Hajawahi kucheka hivyo kwa jambo langu lolote, lakini badala ya kufurahi nikaona wivu, maana alikuwa akimtazama mtu mwingine. Lutonja alikuwa amefika, anawaka mbele na nyuma. Baiskeli yake ilitusalimu kwa Kisukuma safi. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa kuwa yangu haijawahi kunisemesha hata kwa Kiswahili.

"Kabla ya kukata kona, nyosha mkono," taa inaniamuru.

Nanyosha. Mkono unachomoka begani, unakata kona peke yake na kupotelea mtaani. Nabaki na mmoja.

"Sasa mvalishe abiria kofia ngumu. Inafungwa kwa mikono miwili."

Kofia yenyewe inanikagua. "Unaumwa wapi?"

"Roho," nasema.

"Mimi nalinda kichwa tu."

Hapohapo barabara ikawa ua wa wakwe zangu. Mama mkwe anapepeta mchele. Nainamisha macho, kama inavyonipasa mbele yake.

"Baba, mbona una mkono mmoja?"

"Mwingine umekata kona, mama."

"Basi mwache Lutonja amfunge Kabula kofia. Naye ni mtoto wa hapa."

Mtu hambishii mama mkwe, hata ndotoni. Namsikia Lutonja akisogea. Naibia kutazama.

"Kidole kimoja kipite kati ya mkanda na kidevu," inasema taa.

Lutonja anapitisha kidole. Anakipitisha polepole. Sheria haikusema polepole.

"Akitoe!" nasema.

"Bado tunakagua," inajibu taa.

Kabula kafumba macho. Roho iliniuma, wala sitaficha: ningekuwa na mikono yote miwili, ningevunja sheria zote za nchi ile.

"Kabula, twende nyumbani."

"Mume wangu, keria yako haina taa," anasema kwa upole, kisha anapanda kwa Lutonja. Kwangu, tangu tuoane, hushika springi za kiti, kwa kuwaonea watu haya. Kwa Lutonja anashika kiuno, tena mbele ya mama yake.

"Ndiyo sheria ya huku," ananiambia.

Wanaondoka. Najisokota sikio, kriing, kriing, nikiwafuata kwa miguu. Hakuna anayenipisha.

Niliamka nimeshika sikio. Kabula alikuwa ubavuni mwangu, amelala fofofo, chandarua kimetulia. Nilifurahi, nikajicheka. Mke wangu hajakwenda popote, nikajiambia, nikamwinua kidevu kidogo ili nimfunike shuka vizuri.

Chini ya kidevu kulikuwa na alama ya mkanda, bado nyekundu.