Mume wa Saa ya Taarifa

Asubuhi hiyo fundi cherehani alishona mkono wa shati la shule kwenye mfuko wa kifuani. Mteja alicheka, kisha akaona fundi hacheki.

"Nilikuwa nauona mshono," fundi alisema. "Ukaniponyoka, ukaenda zake."

Mambo yalikuja kidogokidogo. Mistari ya gazeti ilianza kupandana. Ngazi za mlangoni zililala chini zikawa sakafu, akaanguka. Akitaka kikombe, vidole vilifika pembeni yake. Mumewe alimnunulia miwani, kisha miwani mingine yenye vioo vizito zaidi.

Mwishowe binti yake alimpeleka kwa daktari wa ubongo.

"Macho yako ni mazima, mama," daktari alisema. "Yanaleta vipande kama kawaida. Sehemu ya nyuma ya ubongo ndiyo inayochakaa, haiviungi tena. Ni ndugu wa ule ugonjwa wa kusahau, ila huu ni wa nadra. Unaanzia kwenye kuona."

"Mimi sijasahau kitu."

"Najua. Lakini ugonjwa utaendelea, polepole."

Kabla mwaka haujaisha, vitu vya nyumba ile vilichoka kusubiri kuungwa. Birika lilikaa jikoni mdomo peke yake, mkono wake ukapatikana dirishani. Meza ilikuja miguu kwanza. Binti aligundua kwamba chenye sauti hubaki kizima, maana saa ya ukutani haikuwahi kutawanyika. Akafunga kengele ndogo kwenye viti, kwenye milango, na kwenye kapu la nguo. Nyumba ikawa inalia kutwa, na vitu vikatulia.

Aliyebaki ni baba.

Baba alikuwa mtangazaji wa redio. Watu walimjua kwa sauti hata wakiwa wamempa mgongo. Nyumbani hakuwa msemaji. Walipooana tu alikuwa akisema, "Maneno nimeyamaliza kazini, mke wangu." Baadaye hata hilo aliacha kulisema. Kwa hiyo jioni aliingia vipande vipande: kiatu, bega la koti, sharubu. Jirani akija aliamkia sharubu, akapungiwa mkono kutoka upande mwingine wa sebule, akakaa. Akikohoa, kifua kilionekana kidogo, kisha kikaenda.

Ila mchana, redio ilipowashwa kwa taarifa ya habari, mtangazaji alikuwepo kwenye kochi, mzima, tai imekaa sawa. Fundi aliacha kazi zake akaja kukaa karibu naye. Binti alimmiminia baba chai, naye akainywa bila kukatiza habari.

"Leo nimeshindwa kuvaa gauni," fundi alimwambia. "Nilitafuta shingo yake hadi nikalia."

"Daraja la mtoni limefungwa kwa matengenezo," mumewe alimjibu, kwa sauti nzuri sana.

"Naogopa."

"Wasafiri wanaombwa kuwa na subira."

Fundi alimtazama uso wote, paji hadi kidevu, mpaka taarifa ilipokwisha na kochi likabaki tupu.

Jioni moja binti alimsubiri baba yake mlangoni. Aliongea na koti, kwa kuwa ndilo lililotangulia.

"Baba, sema naye. Chochote. Ukisema, anakuona."

"Niseme nini?"

"Ulivyoshinda. Umekula nini. Muulize hali."

Sharubu zilikuja, zikafunguka, na chini yake mdomo ukaanza kujitengeneza.

"Mama yako," alisema, "ananijua."

Akaingia ndani.

Chakula kilipoiva walikaa mezani. Fundi alipapasa sahani yake, akapata ukingo, akaweka kidole hapo sahani isipotee. Alisikiliza kidogo. Kengele ya kiti cha mkabala ililia mara moja, ikanyamaza.

"Mwanangu," alisema, "baba yako akirudi, mwambie nimemwekea chakula. Mwambie pia nilimsubiri."

"Sawa, mama," binti alisema.

Mumewe, aliyekuwa amekaa mbele yake, aliitikia kwa kichwa.