Nchi ya Kuazima

Mkaguzi wa masafa ya redio alipobisha hodi, mume wangu alikuwa hajamaliza chai, na mtambo wetu wa intaneti pale juu ya paa ulikuwa bado unajidai uko nchi ya watu.

Nilishamkanya. Tunauzia mtaa intaneti, leseni ina jina langu, na sheria inataka mipangilio ya mtambo itaje nchi uliyopo, ili utumie chaneli na nguvu zilizoruhusiwa hapa. Yeye, wateja walipoanza kulalamika kuwa intaneti inasuasua, akaingia kwenye mipangilio akachagua nchi nyingine ili mtambo upaze sauti, urushe kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa hapa. Ukapata uraia wa nje bila pasipoti. Nikimwambia aurudishe, jibu ni lile lile: "Mke wangu, nani atajua?" Sikio la kufa halisikii dawa.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye kipimo cha mawimbi chenye antena mkononi, hakuwa na makuu.

"Rada ya mvua ya uwanja wa ndege inaonyesha mstari wa ajabu, mwanangu. Rubani anaambiwa kuna wingu mahali pasipo na wingu. Mstari wenyewe unatokea huku kwenu."

Nikaifikiria leseni yangu. Leseni hiyo ndiyo inayotulisha.

"Ngoja nikalete ufunguo wa paa," mume wangu akasema, akapanda ngazi mbiombio, simu mkononi. Nikajua anakwenda kurudisha nchi yetu kwenye mipangilio. Alichosahau ni kwamba kwenye chaneli ile tunayochangia na rada, mtambo unaofuata sheria hausemi kabla ya kusikiliza. Ukibadilishiwa mipangilio, hukaa kimya dakika nzima kwanza, usije ukaiingilia rada.

Kipimo kilikuwa kikilia mkononi mwa yule mama. Ghafla kikanyamaza.

Akakitazama, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na pa kuficha uso. Dakika ile nilimchukia mume wangu, na papo hapo nikamwonea huruma, maana nilijua ameshanaswa na yeye hajui.

Mume wangu akashuka akitabasamu, jasho likimtiririka. "Samahani, mama. Umeme ulikatika kidogo, labda ndiyo maana mtambo umezima."

Feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake.

Mkaguzi akafungua daftari lake. "Leseni ni ya nani?"

Mume wangu akanigeukia, akinisihi kwa macho.

"Ni yangu," nikasema. "Na umeme haukukatika."