Ukuta wa Sebuleni

Siku mama alipoondoka ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Timazi alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu ghorofa ya pili ya duka la viatu. Simu ilipolia mfukoni aliiacha iite mara mbili, maana mikono ilikuwa na saruji hadi viwikoni. Mara ya tatu akapokea. Mkewe alisema neno moja tu: "Njoo."

Alikimbia na buti zake za kazi. Akaingia kwa mlango wa mbele, akapita sebuleni, akaufikia ukuta, akasimama. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na kitanda cha mama, hatua tatu kutoka alipokuwa, lakini mlango hakuna. Ikambidi atoke tena, azunguke nyumba nzima, apite penye mapipa na kamba za kuanikia nguo, aingie kwa mlango wa uani. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa uso.

"Tulisikia buti zako zikiingia kule mbele," mama mdogo alimwambia, yule aliyemfuata marehemu kuzaliwa. "Naye alisikia. Aligeuza kichwa."

Ukuta ule alikuwa ameujenga Timazi mwenyewe.

Timazi ni uzi wenye kipande cha chuma chini, ambao mwashi huutumia kupima kama ukuta umenyooka. Jina hilo lilimwandama tangu ujana kwa sababu kuta zake hazikupinda, na hata wanawe wakiulizwa shuleni jina la baba yao, ilibidi wafikiri kwanza. Kwa mama yake Timazi walizaliwa wawili tu. Mdogo wake alikuwa karani katika bohari ya vipuri, na nyumbani waliishia kumwita hivyo hivyo, Karani.

Nyumba ilikuwa ya mama. Vyumba viwili vya mbele, upande wa barabara, alikaa Timazi na mkewe na watoto watatu. Nyuma palikuwa na chumba cha mama, chumba cha Karani na mkewe, jiko, bafu na bomba la maji. Katikati ilikuwa sebule kubwa, mali ya wote na ugomvi wa wote: nani kaacha ndala katikati ya njia, nani kazima redio ya mwenzake.

Miezi minne kabla ya kifo, mama alipoanza kuugua, Karani alimfuata kaka yake barazani Jumapili mchana.

"Kaka, muuguzi amesema mama anahitaji utulivu. Watoto wako ni wazuri, lakini ni matarumbeta."

"Tuweke pazia."

"Pazia linazuia macho, halizuii masikio. Igawe sebule kwa ukuta, kitanda chake tukitoe chumbani tukilete kwenye nusu ya nyuma, awe karibu na bafu kuliko alipo sasa."

"Na mlango utatazama wapi?"

"Tukiweka mlango si utafunguliwa mara mia kwa siku? Yatakuwa yale yale. Mama akipata nafuu utatoboa. Hiyo kwako ni kazi ya kusubiria chai ipoe."

Timazi alicheka. Fundi ukimsifia kazi yake, umemshika sikio. Mkewe alipendekeza mbao, zingetosha kwa muda. "Mama yangu alale nyuma ya mbao kama kuku?" alimjibu. Akaleta tofali za inchi sita, akajenga Jumamosi na Jumapili, kutoka sakafuni hadi darini. Lakini pale alipokusudia mlango, aliweka linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango, na chini yake akapanga tofali kwa udongo hafifu, mchanga mwingi saruji kidogo, ili siku ya siku zitoke kwa nyundo chache. Akamwonyesha mdogo wake.

"Mlango wako umelala hapa."

"Vizuri, kaka," Karani akasema.

Kitu kimoja tu walisahau. Balbu ya sebule ilibaki upande wa mama, swichi ikabaki upande wa Timazi. Kwa hiyo jua likizama mama alikuwa anagonga ukuta kwa fimbo yake, na mtoto mmoja anakimbia kuwasha.

"Fundi mzima!" sauti ya mama ilisikika nyuma ya ukuta. "Umejenga ukuta umeninyang'anya taa!"

Pande zote mbili walikuwa wanacheka.

Baada ya mazishi Timazi alisubiri wageni waondoke. Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, alitoa nyundo na tindo. Fremu ya mlango alikuwa ameshamwagiza seremala, imeegemezwa barazani. Alitaka nyumba irudi kuwa moja. Alitaka mkewe afike jikoni bila kuzunguka na sufuria mvuani, na yeye aweze kuingia chumbani mwa mama akitoka kazini, akae kidogo.

Kabla hajapiga nyundo ya kwanza akasikia mtu anatoboa upande wa pili. Akabonyeza swichi ya ile balbu ya mama. Ikalegea kidoleni, nyaya zake zimeshavutwa upande wa pili. Akazunguka.

Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, anafunga swichi mpya.

"Nani amekuita?"

"Mwenye nyumba," fundi akasema, akamwelekezea Karani bisibisi.

Karani alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini. "Kaka, nilitaka nikuambie ukishapoa."

"Nipoe kwani nimeshika moto?"

"Kila mtu ana upande wake sasa. Wewe una mbele, barabarani, penye hewa nzuri. Mimi nina nyuma."

"Nyuma kuna jiko. Kuna bafu. Kuna bomba. Mbele kuna hewa. Watoto wangu wataoga hewa?"

"Utajenga. Si fundi wewe?"

"Tulikubaliana mlango."

"Mlango uliusema wewe, kaka. Mimi nilisema mama akipata nafuu, na uliponionyesha nikasema vizuri."

Fundi umeme alishuka ngazi taratibu, akaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Timazi alirudi upande wake. Akaweka tindo chini ya linta, akainua nyundo. Mama mdogo, ambaye alikuwa bado hajarudi kwake, alikuwa amemfuata kwa nyuma akihema. Akakaa kwenye kiti.

"Mwanangu, usipige kwanza. Ukuta huu si wa Karani. Ni wa mama yako."

"Wake vipi?"

"Ndiye aliyemtuma Karani aje kukuomba. Alisema, nikifa hawa watagombana, na wake zao watagombana, afadhali ukuta uwepo ningali hai. Nikamwuliza, mbona usimwambie mkubwa? Akasema, nikimwambia atakataa. Mwacheni ajenge bila kujua. Kazi ya mkono wake hataibomoa."

"Na jiko? Na maji?"

Mama mdogo alitazama mikono yake. "Alisema wewe popote utakapowekwa utajijengea. Karani ukimpa kiwanja kitupu, atakufa anakiandikia barua."

Timazi alikaa sakafuni, nyundo mapajani. Zile siku mbili za kujenga, mama alikuwa amewekewa kiti pembeni. Alikuwa anamtazama akipanga tofali, anamwambia mkewe ampelekee maji ya kunywa. Kila mstari aliuliza, "Umenyooka?" Naye alimwonyesha uzi, kama mtoto anayeonyesha daftari. "Umenyooka, mama." "Haya, endelea."

"Kwa hiyo alivyokuwa ananigongea taa," alisema, "akicheka vile, alikuwa anajua?"

"Alijua."

Timazi aliigeuza nyundo mapajani.

"Lakini alikuwa anacheka kweli," mama mdogo akasema. "Hilo usimnyang'anye."

Timazi alijiuliza ni wapi alikosea, akapaona. Fundi akifika kwenye kazi, swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni mlango utatazama wapi. Alikuwa ameuliza, ila aliyemwuliza alikuwa Karani. Mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti hapo pembeni siku mbili, na hakumwuliza.

Alishika nyundo kwa upande wa chuma, akagonga ukuta kwa mpini, taratibu. Pale chini ya linta palilia tofauti na kwingine. Nyundo tano zingetosha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, anasubiri. Timazi alinyanyuka, akavirudisha vyombo vyote kwenye mfuko.

Sasa ni mwaka wa pili. Fremu ya mlango iliuzwa kwa jirani. Timazi amejenga jiko na bafu upande wa mbele, na kwa kuwa nafasi haikuwepo, baraza imekwisha. Karani amekifanya chumba cha mama stoo. Ndugu hao wakikutana njiani wanasalimiana, wanaulizana watoto, kila mmoja anashika njia yake. Mama mdogo akija kutembea, siku ya kwanza hula kwa Timazi na siku ya pili kwa Karani, na habari za upande mmoja hazipeleki upande wa pili.