Ubani Usionuswa

Katika miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa, Sipriani alipunguzwa kazi katika kampuni ya umma ya biashara, akakabidhiwa cheti cha shukrani chenye jina lililokosewa. Kiinua mgongo chake chote alikigeuza kuwa katoni ya vijiti vya ubani kutoka Dar es Salaam, akapanga meza katika soko la Lindi na kuandika ubaoni kwa chaki: NUSA KWANZA. Aliamini kwamba miaka ya foleni iliwanyima wananchi haki ya kuchagua, na kwamba yeye ndiye aliyetumwa kuirejesha.

Wananchi waliitumia haki hiyo kikamilifu. Walinusa, wakakunja nyuso, wakachagua meza ya jirani, ya Bi Ziada, muuza udi na liwa.

"Shemeji, vijiti vyako hivyo," Bi Ziada alimwambia, "vinanuka kandambili iliyoangukia motoni."

"Ni manukato ya kisasa. Pua za huku hazijazoea."

"Basi subiri zizoee. Chakula nitakuletea hapo hapo."

Sipriani hakuwa na muda wa kusubiri. Katoni ile isipoondoka kabla ya mwisho wa mwezi, meza ingechukuliwa kwa kukosa kodi, naye angerudi kijijini Nyangamara kulima shamba la mkwewe, ambaye alikwisha kumwekea jembe, pamoja na maneno ya kumpokea nayo.

Ndipo alipofika Bi Mangla, mjane aliyelitunza hekalu la Wahindu mjini humo tangu wenzake wengi walipohamia kwingine. Sikukuu ya Divali ilikaribia, wageni wangekuja, na ubani wa hekaluni ulikuwa umekwisha.

"Shikamoo, mama. Karibu, nusa kwanza," alisema Sipriani, akimsogezea kijiti puani.

Bi Mangla alirudi nyuma na kujifunika pua kwa ncha ya sari. Sipriani alinyong'onyea. Hata huyu.

"Marahaba, mwanangu. Kiondoe, umeshakiharibu. Ubani wa hekaluni haunuswi. Wa kwanza kuunusa ni Mungu. Nikimtangulia, nitakuwa nimempelekea makombo. Huna pakiti zilizofungwa, ambazo hazijakaribiwa na pua ya mtu?"

Sipriani alimtazama kwa heshima mpya. Mbele yake alisimama mteja aliyekatazwa kukagua bidhaa. Katika semina zote za uchumi alizowahi kuhudhuria, hakuna mtaalamu aliyethubutu kumwahidi mteja wa namna hiyo. Alifuta chaki ubaoni kwa kiganja, akazitoa pakiti zilizofungwa, akauweka uso wake katika hali ya uchaji Mungu.

"Ni nzuri, lakini?" Bi Mangla aliuliza.

"Nzuri sana, mama."

Katoni ikaondoka, meza ikapona.

Jioni ya sikukuu, moshi ulitoka madirishani mwa hekalu na kushuka barabarani. Wageni waliufuata moshi nje, mmoja mmoja, wakifuta macho. Mpita njia aliuliza ni nani anayechoma tairi. Bi Mangla peke yake alibaki ndani, akizungusha taa mbele ya sanamu hadi ibada ilipokamilika.

Asubuhi alimkuta Sipriani ameshajiandalia hotuba kuhusu mapatano ya hiari katika soko huria.

"Sikuja kugombana," alisema Bi Mangla. "Nataka jina lako kamili."

"La nini, mama?"

"Jana nilimwambia Mungu kwamba ubani ule umetoka kwa Sipriani. Baadaye nikafikiri, Masipriani wako wengi. Asije akamwendea asiyehusika."

"Mimi ni Mkristo, mama. Huyo Mungu wako hanijui."

"Sasa anakujua."

"Mpe na jina la babu, shemeji," Bi Ziada aliingilia, "asipotee njia."

Bi Mangla hakucheka. "Leo ni mwaka wetu mpya. Jioni nitasali tena. Ukinipatia ubani mwingine, nitalitaja jina lako vilevile."

Bi Mangla alipoondoka, Sipriani alipiga hesabu upya. Tangu ruksa ianze, hakuwahi kufikiria mteja kama Mungu, ambaye muuzaji asingeweza kumkimbia hata akihamia mji mwingine. Akavuka hadi meza ya jirani. Bi Ziada alichomoa pakiti kubwa ya vijiti vya ubani wa sandali, ingali imefungwa, na kutaja bei. Ilikuwa sawa na fedha yote ya katoni. Sipriani alijua maana yake: ni Nyangamara, na jembe la mkwewe. Aliiweka fedha mezani, akaanza kuchana pakiti ili anuse, kisha akaiacha: wa kwanza kuunusa ni Mungu.

"Ni nzuri, shemeji?" Sipriani aliuliza.

"Nzuri sana."

Sipriani aliinua macho, akauchunguza uso wa Bi Ziada taratibu, kuanzia kipajini hadi kidevuni. Ulijaa uchaji Mungu.