Yule Mwenye Farasi

Siku Anselmo aliporudi, alirudi na sura ya mtu mwingine. Tulikuwa sebuleni kwetu Rulenge, wanawake wanne tumezunguka ungo wa maharage ya kuchambua, na kwenye televisheni akashuka farasini mwanamume tusiyemjua kabisa. Alikuwa na shingo nene, na ndevu zimechongwa kana kwamba anakwenda kufunga ndoa. Jirani yetu Evarista akainuka kwa hasira, nusu ya maharage ikamwagika mkekani.

"Huyu siye!" akapiga kelele kwa Kiswahili. "Nyie watu, huyu siye! Yule wetu arikuwa mwembamba. Mnatuona sisi hatuna akiri?"

Evarista na herufi l hawajawahi kupatana. Na Kiswahili hicho alikuwa akikitumia kwa televisheni tu. Sisi alituzungumzisha Kihangaza kama siku zote, lakini matusi ya waigizaji lazima yawe kwa Kiswahili, maana hao watu Kihangaza hawakijui, na yeye alitaka wayasikie.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi za mbali huko, Dar wakaiwekea sauti za Kiswahili, ikawa inaonyeshwa kila siku saa nane mchana. Ilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelishika. Sisi tuliiita Lusia, kwa jina la yule mwanamke mwenyewe. Mume wake, Anselmo, alipanda farasi akaenda kuuza ng'ombe, hakurudi, na hapo ndipo waandishi walipoishiwa. Mara tukaambiwa amepoteza kumbukumbu. Mara akatokea pacha wake, pacha akafa, tukamzika, baada ya wiki tatu tukamkuta jikoni anakunywa kahawa. Kofi moja lilionyeshwa mara tatu, kutoka kulia, kutoka kushoto, na kutoka juu darini. Sauti ilikuwa ikimaliza kusema, midomo bado inaendelea. Na Lusia alilia kila siku macho makavu, anajigusagusa pembeni kwa kitambaa asije akaharibu wanja.

"Huyu analia au anataka kupiga chafya?" Mama alikuwa akiuliza.

Mniulize basi kwa nini tuliitazama. Tuliitazama kwa sababu ya Niragira.

Niragira alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Novatus. Wazazi wake walikuwa Warundi, naye alizaliwa Lukole, kambini kwa wakimbizi. Kambi ilipofungwa wazazi walirudi kwao, yeye akabaki kwa shangazi yake Biharamulo, na huko ndiko kaka yangu alikompata. Mama na Evarista Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziana bei, na kile cha kwenye televisheni kilikuwa kinawapita mbio. Kwa hiyo Niragira aliwatafsiria. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana bila taabu. Alikaa karibu na kioo, mikono ikichambua maharage, akasema kila wanachosema, sauti nene ya wanaume, sauti ya puani ya yule mama mkwe mbaya. Watu walisahau kabisa kwamba kuna sauti nyingine mle ndani.

Isipokuwa jina la Anselmo. Hilo hakulitaja hata siku moja.

Marehemu baba yetu aliitwa Anselmi. Na kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe marehemu, wala jina linalofanana nalo. Kulitamka ni kusema kwamba mimi si wa nyumba hii tena. Siku hizi wengi hawajali, lakini Mama alilishika jambo hilo kwa mikono miwili, na Niragira alimheshimu. Kwa hiyo mtu yule katika kinywa chake akawa "yule mwenye farasi". Yule mwenye farasi ametekwa. Yule mwenye farasi ana pacha. Evarista alimtania, "Litamke tu, mzee wa watu amelala, hasikii." Mama alifyonza, lakini kwa furaha. Kanisani aliwasimulia wenzake mkamwana wake ni mtu wa namna gani.

Novatus mwenyewe alikuwa machimboni, upande wa Geita, au ndivyo tulivyosema. Miezi ya kwanza alipiga simu. Baadaye akawa anapiga sikukuu, halafu namba yake ikawa haipatikani. Mwaka wa sita ulikuwa unakwenda. Mtu akimuulizia, Mama alijibu, "Yuko njiani." Na Evarista alipokuwa akiwaka, "Huyo Rusia atafute mwanamume mwingine, anaoza bure!", Mama alisema kwa upole, "Mke aliyeolewa anangoja." Niragira aliinamia maharage. Mkamwana atamwambiaje mama mkwe kwamba amechoka kumngoja mwanawe? Kinywa hicho hakuna. Na kuondoka bila ruhusa ya Mama hakuweza, si kwa kuogopa maneno ya watu tu. Alimpenda.

Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha shule, nasikia sauti zote mbili. Siku moja Lusia alisimama dirishani akasema, "Mpenzi, nyota zanikumbusha macho yako," upuuzi wa namna hiyo. Mama akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema kitanda kimekuwa kikubwa," akajibu Niragira. "Anasema sura ya yule mwenye farasi imeanza kumpotea. Anakumbuka kikohozi chake tu, kile cha alfajiri."

Nilicheka moyoni. Kumbe anatengeneza! Kumbe mwandishi tunaye hapa hapa, amekaa mkekani! Halafu kicheko kikanikatika, maana kikohozi cha alfajiri nilikijua ni cha nani. Novatus amevuta sigara tangu akiwa shule.

Sikumwambia mtu. Tuliishi hivyo, waandishi wa huko wakiharibu na Niragira akitengeneza, nami nikimsikia kila mchana akimwambia Mama yale ambayo hakuweza kumwambia. Alikuwa akimaliza kazi za jikoni anakuja kwenye cherehani yangu kunitilia vifungo, ananiambia ya moyoni na ya kuchekesha, ananisuka. Sikuwahi kuwa na dada. Nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yangu, wala sioni haya kusema. Kila nilipofikiria ataondoka, mkono wangu ulipoteza mshono.

Sasa turudi siku ile, Evarista amesimama, maharage mkekani, na yule mgeni mwenye shingo anatembea kuelekea kwa Lusia. Lusia akakimbia. Akajitupa kifuani kwa mtu yule, na sauti ya Dar ikasema wazi kabisa, "Anselmo wangu! Nilijua utarudi. Nitakungoja hata ukiondoka mara mia."

Mikono ya Niragira iliacha kuchambua.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Niragira aliweka chini maharage yaliyokuwa kiganjani. "Anasema, Anselmo..."

Mungu wangu. Evarista akakaa chini taratibu, kama mtu anayepapasa kiti gizani. Mama hakusogea.

"Anasema, Anselmo, nimechoka," Niragira aliendelea, na hakubadili sauti, ilikuwa yake mwenyewe. "Nimekungoja mpaka mimi mwenyewe sijijui. Nyumba hii sijaichukia. Mama wa nyumba hii sijamchukia. Lakini naomba uniruhusu niende."

Na huku kwenye kioo Lusia amening'inia shingoni kwa mtu yule, anambusu, muziki unalia! Mtoto mdogo angejua kwamba maneno hayo si ya picha hiyo. Mama aliitazama televisheni, akamtazama Niragira, kisha akanigeukia mimi.

"Joyness. Ndivyo alivyosema yule mwanamke?"

Nasema kweli, sijawahi kushika kitu kizito kama swali lile. Ningejibu hapana, Mama, amekosea, basi yangekuwa yamekwisha. Ulimi umeteleza, jina limemponyoka, angepiga magoti akaomba radhi, Mama angesamehe, tungeokota maharage yetu. Kesho saa nane angekuwa pale pale karibu na kioo, na jioni angekuwa kwenye cherehani yangu. Ningebaki naye. Na asingethubutu tena. Nilimwangalia. Hakuniangalia yeye, alikuwa anatazama vidole vyake.

"Ndivyo, Mama," nikasema. "Ndivyo alivyosema."

Matangazo ya sabuni yakaanza. Mama akausogeza ungo pembeni.

"Basi leo mwandishi amepata akili," akasema.



"Lakini asimwombe ruhusa huyo mwanamume," Mama akaendelea. "Huyo hata hatumjui. Amwombe mama yake."

"Na mama yake," Niragira akauliza, "atasema nini?"

"Atasema nenda, mwanangu."

Evarista alilia, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Niragira alikwenda akalaza kichwa magotini kwa Mama, jambo ambalo mkamwana hafanyi, na Mama akamwekea mkono kichwani. Mimi niliokota maharage. Nilikuwa na haja ya kufanya kitu.

Aliondoka wiki ile ile kwenda kwa shangazi yake. Mama alimfungia maharage na unga wa muhogo, na kitenge chake cha Pasaka ambacho hakuwa amekivaa bado. Stendi, kijana wa kupakia akipanga mizigo, Niragira alinishika mkono.

"Wewe ulisikia alichosema Lusia."

"Nilisikia."

"Asante, wifi," akasema, halafu akajicheka kwa neno hilo, na midomo ikamgeuka. Nikamsukuma apande gari kabla sijamwomba abaki.

Sasa mimi ndiye ninayetafsiri. Tamthilia haijaisha, nadhani waandishi wenyewe wamesahau namna ya kuimaliza. Ninasema kinachosemwa, basi, sina kinywa cha Niragira. Evarista analalamika kwamba waigizaji wameharibika siku hizi, kwamba zamani Lusia alikuwa anasema maneno ya kumwingia mtu, sasa ni porojo tupu. "Wamebadirisha mwandishi," anasema, na amekasirika kweli, alikuwepo siku ile na bado anasema hivyo. Mama hutazama kidogo akasinzia. Wakimuulizia Novatus hasemi tena kwamba yuko njiani. Anasema, "Mungu amlinde huko aliko," na kuendelea na kazi.

Niragira ameolewa hukohuko Biharamulo na fundi seremala, Rwekaza, mtu wa watu, na wana mtoto wa kike aliyeanza kusimama. Nampigia simu, ananipokea kwa shangwe, mtoto analia nyuma, jikoni kitu kinaungua, ananiambia subiri kidogo halafu anasahau kama niko hewani. Sikati. Nasikiliza nyumba yake. Alisema atakuja Pasaka, mtoto akaugua. Akasema Krismasi, mume akapata kazi ya milango ya shule. Sasa anasema tukijaliwa, mwezi wa nane. Ana furaha, nasikia, na mimi nafurahi, lakini nikiweka simu chini natamani kuivunja ile milango yote.

Gari la kutoka Biharamulo huingia alasiri, na stendi inaonekana kutoka mlangoni kwetu. Likipiga honi, mimi huacha cherehani nikasimama mlangoni, nikatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Nikirudi kukaa namwambia Mama ndani kuna joto, nilitaka upepo.

"Haya," anasema Mama, na ananisogezea kiti karibu na mlango.