Karatasi Mkononi mwa Ngurumo

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, ndani ya kijichumba cha kurekodia ambacho kuta zake zilibandikwa sponji kuanzia chini hadi juu. Mpaka saa nne kamili Ngurumo alikuwa bado ni Ngurumo, mwanamume wa miaka hamsini na tisa ambaye watu waliijua sauti yake kuliko walivyozijua sauti za wajomba zao. Tangazo la saruji lilikuwa yeye. Dawa ya mbu, yeye. Ile sauti ya benki inayosema usikate simu, utahudumiwa hivi punde, nayo ilikuwa yeye, ingawa siku alipoipigia benki hiyo alisubirishwa kama mwingine yeyote, huku akijibembeleza mwenyewe sikioni.

Siku hiyo palikuwa na matangazo mawili, la godoro na la rangi za nyumba. Godoro ndilo lililopangwa litangulie, rangi ifuate mchana. Lakini mwenye rangi aliwahi kufika, akakaa upande wa pili wa kioo amekunja nne, na Meneja mpya, kijana wa suruali inayoishia juu ya vifundo, akageuza mpango bila kumwambia mtu. Akampenyezea Ngurumo karatasi.

"Twende, mzee wangu. Moja kwa moja."

Ngurumo akaishika kwa mikono miwili, akakohoa kidogo, akasubiri fundi mitambo anyanyue kidole. Kisha akasoma. Macho yake yalitoka kushoto yakaenda kulia, yakashuka mstari, yakarudi kushoto. "Mgongo ukilala vizuri," akasema kwa ile sauti nzito ya kumfanya mtu aache kutafuna, "siku nzima inakutii." Akaenda nalo godoro mpaka mwisho, na bei zake na rangi za foronya zake, bila kukata pumzi mahali pasipostahili.

Fundi mitambo alisahau kukishusha kidole.

"Hilo godoro ni la nani?" akauliza mwenye rangi. "Mimi nauza rangi."

Meneja alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Alipoona Ngurumo hacheki, naye akaacha. "Mzee, soma kilichoandikwa hapo."

Ngurumo akaitazama karatasi. Ilikuwa imejaa vijitu vyeusi, kama njia ya siafu, na haikumwambia kitu, kama vile karatasi yoyote duniani haijawahi kumwambia kitu.

"Miwani," akasema. "Nimesahau miwani nyumbani."

Fundi mitambo, mtu mwema, akavua yake, akafungua mlango, akamletea. Hapo ndipo Ngurumo alipojua kwamba wema nao huweza kumnyonga mtu. Akaivaa ile miwani. Siafu wakawa wakubwa zaidi. Akashika kifua, akasema anajisikia vibaya, akatoka.

Ukweli ulikuwa huu, na waliokuwa wakiujua ni watatu tu, na mmoja wao alikuwa kaburini. Ngurumo hakujua kusoma. Alifukuzwa shule darasa la pili kwa kukosa viatu. Mwalimu mkuu alisema akija na viatu atapokelewa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejiuliza viatu huota wapi. Alipopata vyake vya kwanza alikuwa na ndevu. Akabeba mizigo, akauza tiketi mlangoni mwa jumba la sinema akiita watu kwa mdomo, na hapo mlangoni ndipo watu wa matangazo walipoisikia ile sauti. Kazi alipewa papo hapo. Alipopewa na karatasi, akaenda nayo kwa mkewe.

Kwa miaka ishirini na sita mkewe alimsindikiza studio. Walikaa koridoni, kwenye benchi la mbao lililo karibu na ndoo ya mchanga wa moto, mama akamsomea tangazo polepole mara mbili, na Ngurumo akalishika. Mara mbili zilitosha. Kichwa kilichonyimwa kalamu huwa na njaa. Mama ndiye aliyemfundisha kupitisha macho kwenye mistari na kugeuza ukurasa. Mama ndiye aliyewaendea wenye makampuni ofisini mwao, akiwaambia, "Mume wangu hasemi bei. Bei nasema mimi. Yeye mpeni maji ya uvuguvugu tu." Kisha Ngurumo akaingia ndani, naye akabaki benchini na kitambaa chake cha kufuma.

Amekufa mwaka na miezi miwili sasa. Hospitali iliwaambia dawa hakuna, mkubwa wa dawa yuko mkutanoni, na mkutano ule ulikuwa mrefu kuliko maisha ya mgonjwa. Tangu hapo bintiye, anayechapa nyaraka kwenye duka la stesheni, ndiye aliyekuwa akimsomea matangazo kwenye simu, na Ngurumo akiyasikiliza kwa visikizi mpaka yakamkaa. Mpango haukuwa mbaya, ila ulikuwa hauna jibu kwa kijana anayegeuza karatasi dakika ya mwisho, wakati la rangi bado hajalisikiliza.

Jumatatu yake ukaja ujumbe wa Meneja. Binti aliusoma amesimama, hata mkoba hajauweka chini.

"'Wapendwa wasanii wetu wa sauti. Orodha mpya itatoka mwisho wa mwezi wa nne. Kila msanii awe na ukurasa wake mtandaoni, wenye sura yake, na wafuasi wasiopungua elfu tatu. Mteja wa leo hanunui sauti tu, ananunua mtu.'"

"Ananunua mtu," Ngurumo akarudia. "Biashara hiyo si ilipigwa marufuku?"

"Baba, wanamaanisha ujitangaze."

"Mimi nimewatangaza wote hao, hadi dawa ya minyoo. Wamenificha nyuma ya kioo miaka yote, leo ndiyo wanaitaka sura? Wangeitaka nilipokuwa na meno yote."

"Hawakukutaja kwa jina, lakini baada ya yale ya Alhamisi usipotimiza masharti watakutoa. Nawe unajua kodi ya nyumba hii inatoka wapi."

Alijua. Alikuwa hana kazi nyingine mkononi wala mguuni.

Wakaanza. Binti alitundika shuka la maua ukutani, akamkalisha baba yake kwenye kiti, akaisimamisha simu juu ya sufuria mbili.

"Tabasamu kidogo, baba."

"Nimeahidiwa nini?"

"Jifanye kama unaongea na rafiki."

"Rafiki zangu wanajua nachukia kupigwa picha."

Video ya kwanza alisema tangazo la saruji, mkono umelala gotini kama wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Wiki ya kwanza ikampa wafuasi thelathini na wanane. Kumi na watano walikuwa ndugu, na mmoja aliuza dawa za nguvu za kiume na kila siku alimwachia salamu. Shemeji mtu akaandika kwamba sauti iko juu lakini shati lina tundu kwapani.

Meneja akawaalika wasanii wote na mafundi kwenye semina, ukumbi wa juu, viti vya plastiki, kiyoyozi kinachodondosha maji. Mtoa mada alikuwa na kipaza sauti cha kubandika shavuni. Akawaambia kila mmoja wao ni chapa.

"Ng'ombe ndiye hupigwa chapa," Ngurumo akamnong'oneza fundi mitambo aliyekaa pembeni yake. "Tena na mwenye zizi."

Fundi akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akauliza taratibu, "Mama alikuwa anakusomea, siyo?"

Ngurumo akamkazia macho mtoa mada kana kwamba anamsikiliza.

Ilipofika tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa nne walikuwa na wafuasi mia mbili na kumi na wawili. Binti alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa sakafuni na mgongo ukutani.

"Baba, sauti peke yake haiendi. Watu wanataka kisa. Na wewe kisa unacho."

"Kipi?"

"Unakijua."

Ngurumo akaondoka pale alipokaa, akaenda dirishani, akarudi. "Siri ile si yangu peke yangu. Mama yako aliifunga kinywani mpaka akazikwa nayo. Leo niitandaze barabarani kama mitumba?"

"Aliifunga ili upate kazi. Sasa kazi inataka ifunguliwe. Angekuwepo, yeye mwenyewe angekwambia."

"Usimsemee maiti."

"Basi wasemee wewe walio hai. Mwezi wa tano mwenye nyumba namwambia nini?"

Hawakusemeshana siku mbili. Chai aliipika Ngurumo, akaacha kikombe cha binti mezani kimefunikwa kwa sahani, na binti akakinywa bila kusema ahsante. Siku ya tatu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Ngurumo akavaa shati lisilo na tundu, akaketi mbele ya shuka la maua.

"Washa," akasema. "Na usiniambie nitabasamu."

Akazungumza dakika sita. Hakutumia ile sauti ya saruji. Ilitoka nyingine, nyembamba, yenye mikwaruzo. Akasema hajui kusoma. Akasimulia viatu, akamsimulia mwalimu mkuu. Akasimulia benchi, mara mbili polepole, macho kushoto kulia. Alipofika kwa wakubwa, sauti ikapata nguvu.

"Mke wangu alibaki nje. Miaka ishirini na sita. Wakubwa wa studio hawakutaka mtu asiye na cheo aingie mle ndani. Kazi nusu ilikuwa yake, wakamwacha koridoni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Baridi ya ile sakafu ndiyo iliyomwingia kifuani. Wajue hivyo."

Binti alikuwa akilia alipoizima simu. Ngurumo hakulia. Alijisikia amechoka tu, kama aliyehamisha kabati peke yake, akaenda kulala mchana kweupe na viatu miguuni.

Kesho yake wafuasi walikuwa elfu mbili. Jumanne, elfu kumi na tisa. Jumatano Meneja akapiga simu mwenyewe.

"Mzee wangu! Umewasha moto! Mbona hukutuambia? Mwenye rangi amelia, nakwambia, mtu mzima amelia. Anataka wewe tu. Uko kwenye orodha, wa kwanza. Tutakuwekea mtu wa kukusomea humo humo ndani, kiti chake, maji yake, kila kitu. Unasemaje?"

"Sawa," akasema Ngurumo.

"Sawa tu?"

"Sawa, ahsante."

Akakata. Kiti chake, maji yake. Miaka yote vilikuwa wapi?

Alasiri binti aliomba ruhusa kazini, akaja kumsomea maoni. Yalikuwa mengi kama mchele. Ngurumo akajiegemeza kwenye kochi, amefumba macho, miguu juu ya stuli.

"'Pole sana baba yetu. Mama apumzike kwa amani.'"

"Amina."

"'Mimi pia sijui kusoma, mwanangu ndiye anakuandikia haya.'"

"Mwambie tuko wengi."

"'Wakubwa wa hizo studio wana roho za kutu. Mungu atawalipa.'"

"Hiyo isome tena."

Akaisoma tena. Yalikuwepo mengine ya namna hiyo, na kila moja Ngurumo alilitaka mara mbili, na kila moja lilimkaa. Wapo waliotaka studio ichunguzwe. Yupo aliyetaka wenye studio nao wakalishwe kwenye benchi lile lile, kwenye sakafu ile ile, mpaka wakohoe. Ngurumo akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Binti akafungua jingine, akaanza. "'Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi mitambo, niliyekuwa nyuma ya kioo miaka kumi na tisa...'"

"Huyo mtu mwema. Endelea."

"'Nimelia kama wengine. Ila mlango ule haukuwahi kufungiwa mtu. Waliingia wenye kuleta chai, waliingia watoto wa wasanii, siku moja aliingia mbuzi wa tangazo la chumvi. Wakubwa nawajua, wana makosa yao mengi, lakini hili...'"

Kidole chake kikabaki kwenye kioo cha simu.

"Maliza," akasema Ngurumo, macho bado yamefumbwa.

"'...lakini hili siwezi kuwatwika. Mama nilimkaribisha ndani mara mbili, kwa mdomo wangu. Mara ya kwanza alisema baba hapendi. Mara ya pili alikuwa ameshaanza kukohoa, nikamwambia mama, njoo ukae kwenye zulia. Akaangalia mlango, akasema, hapana mwanangu, asije akanikuta humo. Nauliza kwa heshima, mzee wangu: nani alimzuia?'"

Nje mtu alikuwa akipiga ngumi geti la jirani, akiita, hakufunguliwa. Ngurumo akaishusha miguu kutoka kwenye stuli, mmoja kisha mwingine. Chini ya maneno ya fundi watu walikuwa wameshaanza kuandika, mmoja baada ya mwingine, kwamba wanasubiri jibu la mzee. Binti hakuyasoma hayo. Aliiweka simu mezani, kioo kikitazama chini, akamgeukia baba yake.

"Baba, kwa nini hukutaka mama aingie?"